Simu ya gerezani Marekani: unalipa wewe, mteja ni mwingine

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni kwa sababu sauti ya mwanangu hunifikia, hata ikija na mikwaruzo. Ya pili ni ya kishikwambi (tablet), nitakifikia. Tatu zilizobaki nimewanyima, na roho yangu imetulia.

Mwanangu ninayemsema ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa aliye Tanga. Alikuja kwangu Marekani akiwa wa kumalizia sekondari, akakulia hapa, akakamatiwa hapa. Jimbo silitaji na kampuni siitaji: kijana bado yumo ndani, na kila tunalosema kwenye ile simu linarekodiwa. Kosa lake nalo siyo mada. Natathmini huduma ninayoilipia, basi, kama ambavyo ningetathmini king'amuzi au bando la intaneti, maana Waswahili wenzangu huku wakipatwa na jambo hili huona aibu kuuliza, wanaishia kubonyeza "kubali" kwenye kila ukurasa unaotokea.

La kwanza kulielewa: mfungwa hapigiwi simu. Yeye ndiye anayepiga, kwa zamu yake, na namba yako lazima iwe imeshaidhinishwa na akaunti yako ina salio. Unapokea, unakutana na mashine. Simu hii inatoka kwa mfungwa wa gereza fulani; hapo linachomekwa jina lake, alilolirekodi mwenyewe siku ya kwanza kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Simu itasikilizwa na itarekodiwa. Bonyeza namba fulani kukubali. Ukishabonyeza ndipo mnapata dakika 15 zenu. Ikibaki dakika moja mashine inawaingilia kuwakumbusha, kisha inakata, hata kama mtu yuko katikati ya kulia.

Sasa malezi yetu mnayajua. Yule mtoto hawezi kuanza bila "shikamoo mama mdogo". Marahaba baba, hujambo? Sijambo, nyumbani hawajambo? Hawajambo. Bibi je, mguu wake? Mpaka tumalize kuulizana hali, dakika na zaidi imeshakwenda. Nilimwambia siku moja turuke salamu tuingie kwenye mambo. Akanijibu, "Mama mdogo, humu ndani sina mwingine wa kumwamkia." Basi salamu tunazilipia.

Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mchana nalala na simu chini ya mto. Ikinipita, imenipita, hakuna kupiga tena, na mashine haiachi hata ujumbe wa kusema ni yeye. Na kuna wiki ambazo haiiti kabisa, kwa sababu askari hawatoshi na wafungwa wamefungiwa vyumbani kutwa. Siku hizo hakuna anayenitaarifu. Nakaa nikijiuliza ni mgonjwa, amepigwa, au amehamishwa. Kampuni ina namba yangu, ina barua pepe yangu, hunitumia ujumbe kila salio likipungua. Ujumbe wa "wamefungiwa, yuko salama" haijawahi kunitumia, na sidhani kama kuna aliyewahi kuufikiria.

Hilo lilinisumbua sana hadi nilipoelewa jinsi biashara yenyewe ilivyopangwa. Tuanze na aina mbili za vifungo vya huku, maana kwetu zote tunaziita jela tu. Jela ya kaunti, yaani ya wilaya ya huku, iko chini ya sherifu, mkuu wake wa polisi: humo mna mahabusu na wenye vifungo vifupi. Gereza la jimbo au la shirikisho ni la waliokwisha kuhukumiwa. Kwenye jela za kaunti, takriban thuluthi mbili au zaidi ya waliomo hawajahukumiwa chochote, na wengi wao wamekaa kwa kukosa pesa ya dhamana. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Na huko huko, ambako mtu bado kisheria hana hatia, ndiko simu zilikoniuma zaidi: senti 21 kwa dakika, na juu yake dola 3 za ada kila nilipoweka salio kwa kadi. Ukiwa na pesa unaweka dola 50 kwa mkupuo, ada inauma kidogo. Ukiwa wa kuunga unga kama mimi, unaweka 10 leo na 10 Ijumaa, na kila mara 3 imekwenda. Maskini ndiye anayelipa ghali.

Kwa nini bei ile? Sherifu anapotaka huduma ya simu huitisha zabuni kama taasisi yoyote. Ila hii siyo zabuni ya nani ana bei nafuu. Kwa miaka mingi imekuwa ni ya nani atarudisha kamisheni kubwa zaidi ofisini. Kampuni inampandishia mfungwa na ndugu zake, inakata fungu, inalipeleka kaunti, na kaunti inaliingiza kwenye bajeti yake. Anayechagua kampuni halipi. Anayelipa hachagui. Nikikasirishwa na mtandao wa simu wa kawaida nahama kesho yake, namba yangu mkononi. Hapa nihamie wapi? Kila jela ina kampuni moja, na sehemu kubwa ya soko la nchi nzima imeshikwa na kampuni mbili tu. Kwa hiyo ukipiga huduma kwa wateja na kusikilizishwa muziki hadi unasinzia, usidhani wamezidiwa na kazi. Mteja wao yuko ofisini kwa sherifu, na yeye hasubirishwi.

Aliyeanza kulivalia njuga jambo hili alikuwa bibi wa mtu. Martha Wright-Reed, mama kipofu wa Washington, D.C., alikuwa na mjukuu aliyefungwa na kuhamishwa kutoka gereza hadi gereza majimbo ya mbali, na simu ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yao. Mwaka 2000 alikwenda mahakamani yeye na wenzake. Mwaka 2003 wakapeleka ombi kwenye Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho. Tume ilichukua miaka 10 kuweka ukomo wa bei, tena kwa simu za kuvuka jimbo. Bibi akafariki mwaka 2015. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema tume haina mamlaka juu ya bei za simu za ndani ya jimbo, ambazo ndizo nyingi. Ikabidi itungwe sheria, ikapewa jina lake, ikatiwa saini Januari 2023. Kwa sheria hiyo tume ilipitisha mwaka 2024 ukomo wa senti 6 kwa dakika kwenye magereza na jela kubwa, ikafuta zile ada, ikapiga marufuku kamisheni. Yaani dakika 15 kwa senti 90. Nilishangilia peke yangu kwenye chumba cha mapumziko kazini. Juni 2025 tume hiyo hiyo ikaahirisha utekelezaji hadi 2027, na Oktoba ikapiga kura kuvipandisha viwango. Nimeacha kushangilia mapema.

Ubora wa sauti: wa kuvumilika asubuhi, mbovu jioni kila mtu akiwa kwenye foleni nyuma yake anapiga kelele. Lakini kero kubwa siyo sauti. Ni ule mtego wa kunasa simu za watu watatu. Kanuni inakataza kuunganisha mtu wa tatu, na mashine inasikiliza ishara zake: mlio mdogo, ukimya wa ghafla, mwangwi. Ikihisi tu, inakata, na dakika zako hazirudi. Dada yangu yuko Tanga. Kumpigia moja kwa moja kutoka gerezani kwenda Tanzania bei yake sitaki hata kuiandika. Basi nikipokea simu ya kijana huwa nasimulia kwa WhatsApp baada ya kukata: kasema hivi, kacheka hapa, amenenepa kidogo kasema mwenyewe. Dada anauliza, "Alicheka vipi?" Namuigizia. Siku moja alikuwa hewani kwenye simu yangu nyingine nikiwa nimeisahau mezani, na kijana alipoanza tu kuzungumza akamsikia, akaita jina lake. Mashine ikakata papo hapo. Kijana naye akapewa onyo kwa maandishi. Dada mpaka leo anaamini mwanawe ndiye aliyemkatia.

Kuhusu kurekodi, niseme wazi maana najua watu wanavyojidanganya: Kiswahili hakikufichi. Wanao wakalimani. Waendesha mashtaka husikiliza simu za mahabusu na huzipeleka mahakamani kama ushahidi, kwa halali kabisa, kwa kuwa mashine ilikuonya na wewe ukabonyeza namba. Wakili wa kupewa na serikali alituambia siku ya kwanza tusigusie kesi hata kwa mafumbo, na hiyo ndiyo nasaha bora niliyopata kwenye safari yote hii. Simu za wakili na mteja wake hazitakiwi kurekodiwa. Lakini mwaka 2015 rekodi zaidi ya milioni 70 za simu za kampuni moja zilivujia kwa waandishi wa habari, na humo zikakutwa maelfu ya simu za mawakili. Kwa hiyo mambo ya kesi ni ya kuonana ana kwa ana, basi.

Kesi yenyewe haikusikilizwa. Hilo nalo ndugu zetu nyumbani hawalielewi, wanauliza hakimu alisemaje, mashahidi walikuwa wangapi. Zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za jinai nchini humu hutokana na mshtakiwa kukiri kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Unawekewa mezani: kiri uchukue kifungo hiki, au ng'ang'ania haki yako, uendelee kusota mahabusu na ukishindwa uchukue kile kirefu. Kijana wa miaka yake, ambaye miezi inakatika na hajaliona jua vizuri, atachagua nini? Alinieleza uamuzi wake kwenye hizo hizo dakika 15, na tulipofika kwenye "mama mdogo unaonaje" mashine ikatukumbusha kuwa imebaki moja.

Sasa kishikwambi. Wafungwa waligawiwa bure, na nakubali kimesaidia. Namwandikia nikitoka kazini alfajiri, anasoma akiamka, hakuna wa kumpita mwenzake. Kila ujumbe unatumia stempu ya kununua, na picha inakula stempu ya pili. Programu yake haikijui Kiswahili, inasahihisha kwa nguvu. Barua yake ya kwanza ilianza "Shampoo mama mdogo" na nilicheka peke yangu jikoni kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Ujumbe wa Kiingereza unapita ndani ya saa chache. Wa Kiswahili unakaa siku kadhaa, nadhani unasubiri mtu wa kuusoma. Tumezoea: ya haraka Kiingereza, ya moyoni yanasubiri. Humo ndani amesoma pia masomo ya ufundi wa umeme na ana vyeti viwili. Hiyo ndiyo nyota ya pili, nimeitoa bila kinyongo.

Ila bure ya kifaa ni chambo. Muziki unalipiwa, filamu inalipiwa, michezo inalipiwa. West Virginia mwaka 2019 ilibainika kuwa wafungwa walikuwa wanatozwa kwa dakika kusoma vitabu vya zamani ambavyo mtaani yeyote anavisoma mtandaoni bila senti. Kwa dakika! Anayesoma polepole, ambaye ndiye mwenye shida ya kusoma, ndiye analipa zaidi. Florida nako jimbo lilipobadilisha kampuni, nyimbo ambazo wafungwa walikuwa wamezinunua kwa miaka, za jumla ya dola milioni 11.3, hazikuhamishwa. Ununuzi wa humo ni kukodi tu. Na pesa zinatoka wapi? Mpwa wangu yuko jikoni, anaamka kabla ya mapambazuko kupika uji wa mamia ya watu, halipwi hata senti. Marekebisho ya 13 ya katiba yao, ya mwaka 1865, yalifuta utumwa na kuacha mlango mmoja wazi: adhabu ya aliyehukumiwa. Baadhi ya majimbo ya kusini huilipa kazi ya mfungwa ujira sifuri mpaka leo. Kwa hiyo kila wimbo anaousikiliza umetoka kwenye zamu yangu ya usiku.

Barua za karatasi nazo zimeingizwa humo humo. Pennsylvania ilianza mwaka 2018, barua zikawa zinapelekwa Florida kuchanganuliwa na mashine, mfungwa anapata nakala. Majimbo mengine yakafuata, na gereza letu pia. Sababu wanayotoa ni dawa za kulevya kupakwa kwenye karatasi. Bibi yake alimtumia kadi ya Idi kutoka Tanga, kaandika kwa mkono unaotetemeka, na ndani kaweka alama ya vidole kwa hina kama alivyokuwa akiwafanyia wajukuu walipokuwa wadogo. Kijana aliiona kwenye kioo cha kishikwambi, nyeusi na nyeupe, pembeni imekatwa. Hina ilitoka kama doa. Kadi yenyewe huharibiwa baada ya muda. Kumwambia bibi bado.

Soko hili halikuota lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 magereza ya majimbo na ya shirikisho yalikuwa na watu kama 200,000. Leo, ukijumlisha na jela za kaunti, wanakaribia milioni 2, nchi yenye takriban asilimia 4 ya watu wa dunia ikiwa na takriban moja ya sita ya wafungwa wake wote. Sheria ndizo zilizowajaza: ya mwaka 1986 iliyompa mwenye gramu 5 za kokeini ya mawe (crack) adhabu sawa na mwenye gramu 500 za unga wake, na waliofungwa zaidi kwa ile ya mawe wakawa Weusi. Uwiano ule wa 100 kwa 1 ulishushwa hadi 18 kwa 1 mwaka 2010, haukufutwa. Sheria ya mwaka 1994 ikamwaga mabilioni kujenga magereza. Mtu Mweusi bado hufungwa kwa kiwango cha takriban mara tano ya Mzungu, na polisi akimsimamisha mpwa wangu barabarani hamuulizi kama ni wa Tanga. Ukishakuwa na watu milioni 2 ambao kila mmoja ana mama, shangazi au mke, una wateja milioni kadhaa wasio na pa kwenda. Ripoti moja ya mwaka 2015 ilikuta zaidi ya theluthi ya familia hizo zimeingia kwenye madeni kwa ajili ya simu na safari za kuwatembelea tu. Wanaolipa wengi ni wanawake. Hilo sikuhitaji ripoti.

Kinachoniudhi ni kwamba magereza yenyewe yanajua faida ya mawasiliano. Idara ya magereza ya Minnesota ilifuatilia watu zaidi ya 16,000 waliotoka, ikachapisha mwaka 2011 kuwa waliokuwa wakitembelewa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 13 wa kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa. Na bure inawezekana: Connecticut ilipitisha sheria mwaka 2021 ya simu za bure gerezani, ya kwanza kwa majimbo, kisha California mwaka 2022, Minnesota na Massachusetts mwaka 2023. Mama mmoja tunayefanya naye kazi alihamishiwa kijana wake California. Anaongea naye hadi wanaishiwa habari, wanabaki kusikilizana wakipika na kula. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Kama na wewe yamekufika, mambo machache ya kukuokolea dola. Usiweke salio kwa kuongea na mhudumu wa simu, ada yake ilikuwa dola 5.95 dhidi ya 3 za mashine. Soma mkataba wa jela hiyo. Ni hati ya umma, unaweza kuiomba kaunti, na humo utaona kamisheni yao kwa macho yako. Usiruhusu programu ijichotee yenyewe kwenye kadi. Na mtu wako akihamishwa kutoka jela ya kaunti kwenda gereza la jimbo, dai salio lako siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Langu lilibaki kwa kampuni ya zamani, wakanijibu kuwa akaunti imelala muda mrefu na pesa haina mwenyewe. Kampuni moja kubwa ilishtakiwa kwa mtindo huo huo wa kumeza salio la akaunti zilizolala, ikakubali kulipa dola milioni 67 kuimaliza kesi. Mimi nimewaandikia tena wiki hii, nimeambatisha risiti zote.